Filamu Isiyo na Steringi

Kasha lilitoka Kampala mwaka ule wa mvua ya Elinino,
kanda tatu za vita, muuzaji kaapa kwa mama yake zina milipuko.
Nilizinunua bila kuonja, kama mtu anunuavyo tikiti maji.
Mimi ndimi niliyekuwa sauti ya kibanda cha video, Bombo,
mikrofoni nimeifunga kwa mpira wa baiskeli,
nikiwafasiria watoto wa kambini Kiamerika kwa Kiswahili,
na pale nisipoelewa
naongeza chumvi.

Jenereta likakohoa. Picha ikaja, nyeusi na nyeupe.
Ramani. Mshale unatambaa juu ya ramani.
Mzee mwenye tai anazungumza, nyuma yake ukuta wa vitabu.
"Steringi yuko wapi?" akauliza Sebi, mtoto wa fundi cherehani.
Nikamwambia subiri, anakuja.
Ukapita mji ulioungua.
Ikapita meli inayojifungua vifaru mchangani.
Ikapita misalaba myeupe, mistari kwa mistari,
kama mahindi ya shamba la serikali,
na steringi hakuja.
Kila uso ulikaa sekunde tatu, ukaenda zake.

Wakaanza kudai mia mbili zao.
Basi yule mwenye tai nikamfanya jasusi,
nikampa deni la pombe na mchumba Entebe.
Wakacheka, wakakaa.

Kanda ya tatu ilikuwa Burma.
Tope. Barabara inachongwa ubavuni mwa mlima,
na wanaoichonga ni weusi,
vifua wazi, sururu juu, sururu chini.
Weusi wa Amerika, filamu ilisema waziwazi,
wana wa Alabama na Jojia,
waliotengwa na jeshi lao hata mahali pa kulia chakula.
Safari hii nilielewa kila neno, kwa bahati mbaya.

Mlangoni aliketi Hadia binti Rehani na beseni lake la kabalagala.
Hakuwahi kulipa kiingilio, hakuwahi kutazama;
alikuja kwa ajili ya njaa yetu,
na kati ya mteja na mteja alisuka kawa.
Mikono ikasimama.
"Rudisha."

Nikarudisha. Kijana mmoja anafuta jasho kwa kiwiko,
anageuka ghafla kama aliyeitwa kwa jina,
anacheka. Pengo mbele.
"Murjani," akasema Hadia,
si kwa sauti kubwa,
kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Bombo nzima tunajua habari za kaka yake:
alichukuliwa na Keya, Hadia akiwa na miaka kumi,
akapanda treni na viatu vya kuazima;
ikarudi barua moja, kisha sanduku la bati,
ndani yake mkanda wa suruali wa mtu mnene.

"Anasema nini?" Sebi akanigeukia.
Mle ndani sauti ilikuwa ikihesabu maili, dola, maiti.
Nikameza mate. Nikasogeza mikrofoni.
"Anasema hawa ni Keya. Wengine wao wa hapa hapa Bombo.
Anasema barabara hii ni yao."

Kibanda kikanyamaza, jenereta peke yake likinguruma.
Hadia akanitazama, macho makavu kabisa.
"Acha uongo wako, kijana.
Murjani alikuwa na meno yote,
na sururu angeishika wapi, mpiga tarumbeta yule?
Najua si yeye."
Akavuta ukindu, akaupitisha, akaukaza.
"Rudisha."

Nilirudisha mara saba, labda nane.
Mara ya mwisho mstari wa chenga ulikuwa umeshaanza
kumpita kijana yule machoni,
naye bado anageuka, bado anacheka.
Hakuna aliyedai pesa yake.

Jumatatu nilipeleka kanda mbili Kampala.
Ya tatu, nikamwambia muuzaji, imeliwa na mashine.
Akanitoza elfu nne.