Upande wa Gundi

Kazi yangu ni lebo.
Chumba cha nyuma ya duka la mbolea, Mwanjelwa,
Juni, baridi ya kung'ata masikio,
mlima Loleza umejifunika blanketi mpaka saa nne,
na mimi na ndoo yangu ya chupa za kioo
nilizozichemsha mara mbili, kwa kuwa hilo tu
ndilo nililolisomea.

Kilichomo najua, sihitaji kufunuliwa:
tangawizi, kitunguu saumu, asali kidogo,
kokwa za parachichi zilizokaushwa darini
zikasagwa usiku kwenye mashine ya unga;
maji ya kahawia yasiyopitisha mwanga.
Juu yake Mtumishi Ambokile huweka kiganja,
hutaja Damu ya Mwanakondoo, kisha mawimbi ya seli,
kisha nyota ya mgonjwa, kisha bei.

Msimcheke upesi.
Nimemsikia kupitia ukuta wa mbao
akimuuliza mtu, Unalala?
Ukishtuka usiku unamfikiria nani?
Akanyamaza, akangoja jibu mpaka chai ikapoa.
Kule Rufaa daktari ana watu sabini na kalamu moja,
hana nafasi ya kuuliza unamfikiria nani.
Nimeona mama kaingia kajikunja
kama jani la kiazi lililoungua kwa sakitu,
akatoka anadai chenji yake kwa sauti.

Lakini Lusajo, fundi baiskeli wa Uyole,
aliambiwa, Sindano hiyo ni mnyororo, ikate kwa imani.
Akaikata.
Chupa nne alizimaliza.
Ya tano niliibandika lebo mwenyewe, jina lake nikaliandika vizuri,
ikakaa rafuni.
Ndugu zake walikuja na nguo za msiba
kuuliza kama pesa ya chupa hurudi.

Usiku ule nilichukua makapeni
nikaandika upande wa gundi,
upande unaolala kwenye kioo, uso kwa uso na dawa:
USIACHE SINDANO.
RUDI KLINIKI.
Chupa ikijaa huoni kitu.
Kunywa kijiko asubuhi, kijiko jioni,
siku ya tisa herufi zinaanza kuchungulia juu ya maji
kama vichwa vya watoto waliojificha.

Sikuwa shujaa. Niliandika mikono ikinuka saumu,
na Jumamosi mshahara wangu nikaupokea,
nikauhesabu.

Alhamisi ya shuhuda akasimama Bibi Tupokigwe,
kashuka kutoka Isongole na alfajiri,
akainua chupa tupu kwenye mwanga wa dirisha.
"Mimi niliyeishia darasa la nne,
leo Mungu kaniandikia kwa herufi kubwa!
Dawa inapungua, neno linapanda.
Nikaenda kliniki karibu kukimbia.
Sukari ilikuwa ishirini na sita, sasa ni saba.
Ndaga fijo, Mtumishi. Ndaga fijo."
Watu wakalia. Mwenye filimbi akapuliza.
Siku ya pili foleni ikapita vibanda vya mitumba
ikakunja kona.

Jioni Mtumishi alikuja chumba cha nyuma.
Aliigeuza chupa ya bibi,
akakwaruza lebo kwa ukucha wa kidole gumba,
akasoma, midomo ikimcheza.
Kisha akanitazama, kwa yale macho yake ya kungoja
ambayo nilikuwa nimeyasikia tu kupitia mbao.

"Unalala?"

Nikasema, Hapana.

Akaitumbukiza chupa kwenye ndoo pamoja na nyingine.
"Hizi zenye maandishi," akasema, mkono uko mlangoni,
"ziongezwe elfu tano."

Asubuhi nilikuta mezani
boksi la makapeni, halijafunguliwa.