Kistari

Saa sita usiku, ghorofa ya nne, Ngara.
Lifti imelala. Mlinzi Okwaro ameshusha redio,
nami nabishana na mashine juu ya herufi moja.

T.

Niliiandika asubuhi nikijiona fundi:
Matokeo ya T,
na T iwe damu, au mkojo, au makohozi,
chochote maabara ya Pangani itakacholeta.
Kiolezo kimoja badala ya vitatu.
Kompaila ikanikagua, ikaridhika, ikapita.

Sikukumbuka kwamba ikishapita huifuta.
Programu inapoamka kufanya kazi
pale palipokuwa na T pamebaki vumbi la chaki,
na kile chombo kinachogeuza vitu vyangu kuwa majedwali
kinasimama mlangoni mwa hifadhidata, kinauliza:
Matokeo ya nini?
Ya T.
Ya nini?

Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Nyaboke, Kariobangi, darasa la tano,
akiandika ubaoni -angu
na kistari mbele, kama mkono unaopapasa gizani.
"Hili si neno," akasema. "Ni shina, linangoja ngeli.
Lipe kitabu, litakuwa changu.
Lipe mlango, litakuwa wangu.
Haya, tuseme."
Tukasema, arobaini na wanane kwa pamoja:
kitabu yangu! mlango yangu! kidole yangu!
Akaketi. Akacheka mpaka akajifuta machozi
kwa mkono wenye chaki, akabaki na shavu jeupe.

Nairobi hii ilifuta ngeli zamani.
Kinyozi wa River Road hukushika utosi:
kichwa yako iko sawa.
Mama wa viazi hukusogezea: kiti yako hiyo.
Na hatupotezani,
maana kiti kipo, kichwa kipo, kidole kimeelekezwa.
Tunafuta kwa sababu tunaonana.
Jedwali halimwoni mtu.

Saa nne nilijaribu njia ya mkato:
safu moja, nikaiita kitu,
kila tokeo likakandamizwa humo
kama robota la Gikomba kabla halijakatwa kamba.
Ikakubali. Ndiyo iliyonitisha, kukubali kwake.
Nilipomwita Shukri wa Mtaa wa Saba, Eastleigh,
makohozi yake yalirudi yakidai hemoglobini
kumi na mbili nukta nne.
Shukri hayupo. Nilimtunga mwenyewe kwa ajili ya majaribio,
hata umri nilimpa wa dada yangu.
Lakini niliona haya
kama niliyemchoma sindano nikakosa mshipa.

Basi naandika, kirefu, pasipo ujanja:
Matokeo ya Damu, mtoto wa Matokeo ya T, ambapo T ni Damu.
Matokeo ya Mkojo, mtoto wa yaleyale.
Makohozi pia.
Vitatu vilevile nilivyovikwepa asubuhi,
kila kimoja karibu kitupu, mistari miwili,
hakina kazi ila kutaja jina.
Na jina hilo halifutwi: limeandikwa kwenye ukoo,
na ukoo kompaila haiugusi.
Mzazi wao hapewi jedwali.
Anawarithisha namba, tarehe, saini ya mtaalamu,
anajiondokea.

Saa nane kasorobo.
Naendesha. Kijani. Kijani. Nyekundu, nimesahau koma.
Kijani.
Shukri amerudishiwa makohozi yake.

Nashuka ngazi nikihesabu kwa mguu, taa ya ghorofa ya pili imekufa.
Okwaro anainua kichwa kwenye koti lake:
"Daktari wa kompyuta! Ile kitu yako ilikuwa imekataa?"
Nafungua mdomo nimsahihishe,
kile, chako, kilikuwa kimekataa,
naiona ile chaki kwenye shavu.
Ananitazama. Anajua ni kipi.

"Imekubali," nasema,
naye ananifungulia lango.