Vidole Viwili vya Maji

Jana timu kubwa ilikuja Lindi.
Watu walikesha kwenye foleni ya tiketi,
wengine wakapanda ukuta wa Ilulu kama mchwa.
Leo asubuhi tuko sita na mafagio yetu
na jukwaa zima limejaa chupa.

Mimi ni Somoe binti Mchopa, wa Mikumbi.
Nalipwa kwa siku. Chupa nazipeleka kwa Chilumba,
anazipima kwa mizani yenye kutu,
kilo moja bei ya andazi na chai ya rangi.
Ila yenye maji ndani haipokei:
"Mama, mimi sinunui bahari."

Basi nafungua kizibo, namimina.
Nafungua, namimina.
Kila aliyeshangilia jana aliacha
vidole viwili vya maji, vitatu,
utadhani waliagizana.
Huyu aliondoka ilipokoswa penalti: chupa nzima.
Huyu kaacha rangi ya mdomo shingoni.
Ndoo ikajaa kabla sijamaliza safu ya tano.

Mtaani kwetu bomba lilikohoa Jumatano, likanyamaza.
Nyasi za hapa zilinyweshwa siku saba mfululizo,
alfajiri na jioni, zipate kung'aa kwenye televisheni.
Sizilaumu nyasi.
Nyasi hazikuandika barua kwa mtu.

Juu ya lango bango bado linaning'inia:
MCHEZO SAFI, MAZINGIRA SAFI,
mita kumi za plastiki, picha ya mti na mpira.
Nimeshamwambia mlinzi, Lihumbo,
akilishusha asilikunje ovyo.
Nina ufuta wa kupiga, turubai langu limetoboka.
Ufuta haujui kusoma,
utamwagika juu ya maneno yale hivyo hivyo.

Nyuma ya goli la kaskazini
mgeni rasmi alipanda mti.
Mpingo, walisema, mti wa kwetu.
Alishika jembe kwa glavu nyeupe,
kamera zikammulika, makofi yakapigwa,
wakaenda kivulini kunywa ya chupa.

Nikaupelekea ndoo yangu.
Maji hayakuingia.
Yalizunguka, yakasimama, yakateremka pembeni
kama mvua juu ya nailoni.
Nikapiga magoti, nikafukua kwa mkono.
Ilikuwa nailoni kweli.
Mti umepandwa na kiriba chake,
cheusi, kizima, hata hakijachanika,
na ndani mizizi imeshajizungusha mara mbili
ikitafuta mlango.

Nilikipasua kwa ufunguo wa nyumbani kwangu.
Nikaunyoosha mmoja mmoja, ile iliyokubali.
Nikafukia.
Ndoo ya pili ikaingia taratibu,
udongo ukitoa sauti ya mtoto anayenyonya.

Mwakani timu kubwa ikirudi
mpingo utakuwa haujanifika gotini,
mti ule hauna haraka na mtu.
Lakini mimi nitajua umekunywa ya nani:
ya yule aliyesusa penalti,
ya yule mwenye mdomo mwekundu,
ya maelfu walioniachia vidole viwili viwili
bila kujua.

Kiriba nimekitia kwenye gunia pamoja na chupa.
Chilumba atakikataa, atasema hakina bei.
Nitabishana naye.