Ukurasa wa 214

Msimamizi wangu hakuandika "vizuri," wala "rekebisha."
Aliandika kwa penseli, ubavuni mwa tanbihi ya kumi na tisa,
neno moja na alama ya kuuliza:
Umekiona?

Kitabu, yaani. Cha Tammekand, cha mwaka wa thelathini na moja,
juu ya barafu ya ziwa Peipsi.
Nilicheka peke yangu jikoni mwa bweni, soksi zikikauka juu ya joko.
Nani hapa Tartu hajakinukuu?
Kila tasnifu ya idara yetu ina jina lake ndani ya mabano,
mwaka, nukta pacha, 214:
"unene wa barafu, Februari, sentimita sabini na moja."
Nami nilipanga kila kitu kama mwongozo unavyoagiza,
anwani kwa herufi za mlazo, mji kabla ya mchapishaji,
nukta mahali pa nukta.
Nilikuwa nadhifu. Sikuwa mkweli.

Nikakiagiza. Siku kumi na moja, kutoka Tallinn,
ndani ya sanduku la kijivu, kimefungwa utepe,
na mkutubi Urmet akanipa karatasi ya kutia saini
kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala.
Nilianzia mwisho.
Kurasa mia moja tisini na nane.
Nikalamba kidole, nikahesabu upya.
Baada ya 198 kulikuwa na jalada,
na baada ya jalada, meza.

Tangu hapo nikawa mtu wa kurudi kinyumenyume.
Huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu marehemu,
marehemu kaandika "taz. hapo juu,"
na hapo juu hapana kitu.
Miaka arobaini tumeazimana nguo moja,
kila mmoja kaipiga pasi,
hakuna aliyeitazama kama inasitiri.

Ilikuwa ukurasa wa 124.
Mkono wa mtu, usiku wa mtu, tarakimu mbili zimepishana mlangoni.
Na sabini na moja ilikuwa sitini na moja.
Na chini, kwa maandishi madogo kama mchanga wa sukari:
vipimo vya H. Roosvald, posta ya Mustvee.

H. ni Hilje.
Daftari lake liko kwenye hifadhi, lina harufu ya gundi ya stempu.
Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la barua
alitembea hatua mia mbili juu ya ziwa, na keekee begani.
54. 55. 55, theluji.
"Leo sikupima. Mama."
Kesho yake, 57.
Kisha tarehe ile yetu, ile tuliyoijengea hoja na mishahara:
"Keekee imekatika. Nimetumia shoka. 61, labda."

Labda.

Neno lile halikufika Tallinn.
Lilidondoka njiani kati ya daftari na kitabu,
na jina lake likabaki herufi moja na ukoo,
kisha hata hilo likaanguka, tukabaki na mabano.
Mimi niliyelalamika, mwaka jana, kwamba Priidik
kachukua mchoro wangu bila kunitaja!
Niliinama pale kwenye taa ya hifadhi, masikio yakiwaka.

Nikaiandikia kamati barua kuhusu tasnifu yangu ya awali:
sentensi tatu, ya pili iliniuma.
Nikafuta tanbihi ya kumi na tisa, nikaiandika upya:
Roosvald, Hilje. Daftari, penseli, halijachapishwa.
Namba ya sanduku, namba ya jani, siku niliyolisoma.
Na ndani ya alama za mtajo, sitini na moja,
mkato wake,
na labda yake.

Rasimu imerudi leo. Kwenye kumi na tisa penseli haikugusa kitu.
Ya ishirini ameizungushia duara.