Kashata

Asubuhi, nikifunga kamba za viatu, nilimwambia mke wangu,
"Leo nakwenda kutafuta kashata nene,"
na Ndeshi, mwenye miaka minne,
akalisikia neno moja tu.

Unga Limited, kwa Aminieli fundi,
matairi yamebebana kama chapati kwenye sahani ya mgeni.
Kipara changu cha nyuma alikipapasa kwa dole gumba
kama mkunga apapasaye tumbo.
"Hili," akasema, "lilikuwa tairi. Sasa ni puto."

Nikamtajia njia yangu: lami hadi Muriet,
kisha kokoto za Oljoro, kisha Terrat,
kisha mbuga,
ule udongo mweusi wa Simanjiro
ambao kiangazi ni sementi
na masika ni ugali wa moto,
ukishika hauachi.
Mzigo? Sanduku la chanjo, na nesi Naipanoi.

Akabiringisha la kwanza,
kashata zake magego ya kiboko.
"Hili litakupigia kelele mpaka uzime redio.
Litakunywea dizeli. Litalika kabla ya Krismasi.
Lakini tairi lipayukalo lamini
ndilo linyamazalo matopeni."

Akalipiga teke la pili. "Hili ni la huku na huku.
Rasharasha linapita.
Mvua ya siku tatu, litakuomba radhi."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi adui si utelezi, ni mwiba na jiwe la pembe.
Hapo tazama ubavu, usitazame kashata.
Ukiingia mchanga, punguza upepo, paundi ishirini hivi:
tairi lililolegea hukanyaga kama ngamia.
Ukirudi lamini, jaza.
Wanaosahau kujaza nawajua,
wengine nawajua kwa misalaba."

Sikumwambia kuhusu Aprili ya mwaka jana.
Mwaka jana nilichagua kwa bei.

Saa tisa tulikaa mbugani, magurudumu yamevaa udongo,
mviringo, laini, maandazi manne.
Barafu ikayeyuka sandukuni.
Naipanoi akalifunika kwa kanga yake,
akaivua na sweta, akalifunika tena,
kana kwamba kivuli kikikunjwa mara mbili
kitakuwa baridi.
Jioni akazihesabu chupa, akaandika daftarini:
*Zimeharibika.*
Hakuandika kwa nini.
Hakuandika jina langu.
Ningependa angeliandika.

"Nipe ya magego," nikasema.
Nikahesabu noti. Zilitosha matatu na nusu.
Aminieli, ambaye hakopeshi hata salamu,
akautazama mlima Meru,
wingu limeukaa shingoni tangu Jumapili,
akajifuta mikono kwenye ovaroli.
"La nne utalipa mvua ikikata."

Nikarudi Kwa Mrombo nikinguruma kama mashine ya kusaga.
Majirani wakachungulia.
Ndeshi mlangoni, kiganja wazi.
"Kashata ziko wapi?"
Nikamshika mkono, nikaupeleka kwenye gurudumu.
"Hizi hapa."
Akatia kidole katikati ya mifereji,
akakuta vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya,
akang'oa kimoja, akakionja,
akanitazama mimi, akalitazama gari,
akaangua kilio ambacho hata mama yake hakukizima.

Usiku mabati yakaanza kusema.
Nikalala nikiyasikiliza.

Alfajiri nikagonga dirisha la duka,
nikanunua za njugu, nne.
Tatu nikazifunga kwenye leso, za Ndeshi.
Ya nne Naipanoi aliitafuna kuanzia Muriet hadi Oljoro,
akilalamika kwa mdomo uliojaa:
"Gari lako leo lina nini? Hatusikilizani!"

Baada ya Terrat mvua ikatukuta uso kwa uso.
Mbuga ikafunguka, nyeusi, inang'aa.
Nikashusha gia. Nikashika usukani kwa vidole tu.
Nesi akaacha kutafuna,
akaweka mkono juu ya sanduku.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza.
Tairi lilikuwa limenyamaza.