Kwa Wakala Asiyeuliza

Nilikuwa wakala kabla yako.
Kibanda cha mbao, Langoni, mkabala na muuza nazi,
daftari la mistari, kalamu nimeifunga kwa uzi
isije ikaondoka na wateja.
Mtu akisema, "Mtumie Famau elfu tatu,"
namwuliza, Famau yupi?
Wa Mkomani au wa Gadeni?
Wa baiskeli au wa jino la dhahabu?
Tunacheka, namba inapatikana, pesa inakwenda.

Wewe huulizi.
Unasoma nilichoandika, basi,
unakwenda.

Sasa kazi yangu ni kukuandikia,
ghorofa ya pili, feni inasitasita umeme ukipungua,
chini kwenye kichochoro mifuko ya saruji inapita
na anayepaza sauti, "Simila! Simila!"
Kifaa cha kwanza nilikiita LIPA.
Chini yake nikaandika: Hulipa.
Nikashuka kunywa kahawa, nimejiridhia.

Bi Mwanakhamisi wa mikate alidai mia nane.
Akapokea shilingi nane.
Akanipigia: "Mwanangu,
hizi ni za mkate, au za harufu yake?"

Nikaongeza mstari:
Kiasi huandikwa kwa senti.
Shilingi mia nane ni 80000.

Ikaja saa.
Nilikuwa nimeandika, Usilipe baada ya saa mbili,
moyoni nikiona isha imeshasaliwa,
milango ya maduka inafungwa kwa komeo.
Wewe ulihesabu tangu usiku wa manane, kama wageni,
ukafumba mkono kabla jogoo hajawika,
na wachukuzi wa mawe wakashinda gatini
wakitazama simu zao kutwa nzima.

Nikaongeza mstari.

Kisha Shekuwe, fundi chokaa.
Mtandao ulikatika, benki ikanyamaza,
na mimi nilikuwa nimekwambia: Isipojibu, jaribu tena.
Ukajaribu. Ukajaribu.
Akapanda ngazi zangu, kope nyeupe kwa vumbi:
"Nimejenga ukuta mmoja.
Ujira huu wa pili na wa tatu ni wa kuta zipi?"
Nikamwonyesha kifaa kiitwacho RUDISHA.
Akauliza, "Anayerudisha nani? Anarudishiwa nani?"
Sikuwa nimeandika.

Usiku ule sikulala.
Kwetu mwari akinyamaza mbele ya walii wake
kimya chake ni ridhaa.
Benki ikinyamaza
hakuna aliyeolewa, hakuna aliyekataliwa.
Nitakuelezaje kimya hicho,
wewe usiyewahi kukaa ukumbini siku ya posa?

Nikamkumbuka mama, alivyokuwa akinituma dukani
nina miaka sita, noti imekunjwa ndani ya ngumi:
Nenda kwa Athmani, si kwa jirani yake.
Nusu kilo ya tende, zisizo mchanga.
Akikwambia bei imepanda, usinunue, rudi.
Ukikuta pamefungwa, rudi.
Ukisahau nilichokutuma, usibuni.
Rudi.

Hajaona kompyuta hadi leo.

Basi nimeandika hivi:
LIPA hutoa pesa ya mteja na kumpa anayedai.
Ikishatoka haivutiki kwa kamba.
Itumie mteja akishataja mtu, namba na kiasi.
Pakikosekana kimoja, usibuni. Rudi uulize.
Benki ikinyamaza, usilipe tena;
tazama kwanza kwa kifaa cha HALI
kama ile ya awali imefika.
Saa zote hapa zahesabiwa tangu usiku wa manane.

Meneja anasema ni marefu,
kila neno hulipiwa likisomwa.
Nimetoa "haivutiki kwa kamba," shingo upande.
Akataka nitoe na "usibuni," kwamba imejificha tayari
ndani ya "uulize."
Nikamwambia haijajificha popote.
Tukabishana hadi chai ikapoa.

Imebaki.

Asubuhi mkate umeletwa na mjukuu,
umefungwa gazetini, na kikaratasi juu yake
kwa mwandiko wa Bi Mwanakhamisi, herufi zimesimama wima:
Mia nane. Shilingi.
Nilipwe mimi, si mtoto.
Leo, kabla ya adhuhuri.

Nimekibandika ukutani, juu ya meza.