Kisanduku Kitupu

Tartu, Machi. Theluji inayeyuka kwenye ngazi za chuo,
na ndani watu arobaini, makoti mapajani,
wanabishania kisanduku kitupu.

Maarika Tamsalu kaandika ubaoni:
tupu si sifuri. Tupu si hapana.
Tupu ni sijui, na sijui mbili
huwezi kuapa ni moja, hata zikikaa safu moja.
Chaki ikakatika. Akaendelea na kipande.

Profesa Heldur, aliyesinzia tangu nadharia ya pili,
akainua kalamu: "Basi jedwali lako
halijui kama tupu hii ni sawa na ile?"
Kicheko.
"Halijui," akasema Maarika, "wala haliongopi."

Hakuwaambia kuhusu daftari la usharika,
mstari wa babu yake na wa nduguye babu,
waliopakiwa treni moja kwenda mashariki:
tarehe ya kufa, tupu; tarehe ya kufa, tupu.
Bibi aliwawashia wote wawili mshumaa mmoja.

Uthibitisho ulifika mwisho saa sita kasorobo.
Akachora kile kimraba cha kufungia,
akakitazama,
hakukijaza.